Nini Humkuza Mtoto Aliyezaliwa Mbele ya Wakati?



Fundisho hili ni kwa ajili ya watoto wadogo sana, wale ambao watu wetu huwaita watoto wa miezi saba. Tutaanza na habari ya mama mmoja wa hapa Bel-Air.

Ilikuwa mwezi wa sita, wakati wa baridi. Ninyi mkaao Lubumbashi mnaijua baridi ya mwezi huo. Mji wetu umejengwa mahali pa juu, kama meta 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa kiangazi upepo hupita chini ya mlango na kufika mpaka kitandani. Asubuhi moja mama huyu alikuja kwenye kilo na mtoto wake mvulana. Hakuketi kwenye benchi pamoja na wenzake. Alisimama nyuma kabisa, na uso wa mtoto alikuwa ameufunika kwa kikwembe. Zamu yake ilipofika, aliwaachia wengine wapite.

Nilipomwita alijibu kwa sauti ndogo, "Mama, naona haya. Jirani yangu alizaa siku ile ile niliyozaa mimi. Mtoto wake amenona. Wangu, watu wanamtazama na kuuliza kama ataishi."

Tukampima. Mtoto huyu alizaliwa majuma 7 mbele ya wakati, akiwa na gramu 1,600. Alipotoka hospitali alikuwa amefika gramu 1,900. Sasa siku kumi zimepita nyumbani, na kilo ilionyesha gramu 1,840. Badala ya kuongezeka alikuwa amepungua.

Je, mama huyu alikuwa mvivu? Hapana. Je, hakumpenda mtoto? Alimpenda sana. Nyumba nzima ilimpenda. Basi, kwa nini mtoto hakukua? Tuulize vizuri, kwa maana nyumba nyingi hufanya kama nyumba ile.

MAANA YA KUZALIWA MBELE YA WAKATI

Mimba hukaa tumboni karibu majuma 40. Mtoto anayezaliwa kabla ya majuma 37 kutimia ndiye tunayesema amezaliwa mbele ya wakati. Watoto hao si wachache. Katika mwaka 2020 walizaliwa kama milioni 13.4 duniani pote, ndiyo kusema karibu mtoto mmoja kati ya watoto kumi. Kwa hiyo mama asidhani kwamba yeye peke yake amepatwa na jambo hili, wala asitafute mchawi katika ukoo.

Wako watu wanaosema kwamba mtoto wa miezi saba huishi, bali wa miezi nane hufa. Neno hili ni la zamani sana, hata Wayunani wa kale walilisema. Lakini si kweli. Kila juma ambalo mtoto anaongeza tumboni linamsaidia. Mapafu yake yanakomaa, mafuta yanaingia chini ya ngozi, anajifunza kunyonya na kumeza, na anajiwekea akiba ya chuma katika damu. Mtoto wa miezi nane ana nguvu kuliko wa miezi saba.

Tena, watoto wawili wanaweza kuwa na gramu sawa na wasiwe sawa. Mmoja ni mdogo kwa sababu amezaliwa mapema tu. Mwingine amezaliwa mapema, na tena hakulishwa vizuri tumboni, kwa sababu mama yake alikuwa na malaria, au damu kupanda, au mapacha. Huyu wa pili mara nyingi hukawia zaidi kukua. Ndiyo sababu nesi anauliza habari za mimba, na si habari za uzito peke yake.

Katika mji wa Paris, daktari mmoja jina lake Pierre Budin alitunza watoto wa namna hii zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mafundisho yake yalitolewa katika kitabu mwaka 1900. Alionyesha hatari tatu: baridi, shida ya chakula, na magonjwa. Mpaka leo hatari ni zile zile. Tuzitazame moja moja katika nyumba zetu.

JOTO

Mtoto huyu hana mafuta chini ya ngozi. Ni kama chungu chembamba: ukikitoa motoni kinapoa upesi. Akishikwa na baridi, mwili wake unachoma maziwa yote aliyokunywa ili kutafuta joto, na hakuna kinachobaki cha kumkuza. Anaweza kunyonya usiku na mchana na uzito usipande.

Katika nyumba ya mama yule, nkambo alikuwa akimwosha mtoto asubuhi na jioni, uani, katika beseni. Alifanya hivyo kwa upendo, kama alivyowaosha watoto wake wote. Kisha mtoto alilazwa peke yake kitandani chini ya blanketi tatu. Lakini blanketi haina moto wake. Inalinda joto lililopo tu, na mtoto huyu hakuwa na joto la kulindwa.

Dawa ya baridi ni kifua cha mama. Njia hii ilianza kufundishwa mwaka 1978 katika mji wa Bogotá, nchi ya Colombia, na daktari Edgar Rey Sanabria. Katika hospitali yake kuvezi hazikutosha. Watoto wawili au zaidi walilazwa katika kuvezi moja, na wakaambukizana magonjwa. Basi akawapa mama zao wawabebe kifuani, ngozi kwa ngozi. Watu wakaiita njia ya kangaruu, kwa jina la mnyama wa Australia anayemchukua mtoto wake katika mfuko wa tumbo.

Wengine walidhani ni njia ya maskini tu. Lakini mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa katika hospitali tano za Ghana, Uhindi, Malawi, Nigeria na Tanzania. Watoto walikuwa na gramu 1,000 mpaka 1,799. Walipowekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, walikufa 12 katika kila 100 kabla ya siku 28 kutimia. Waliongojea kwanza wapate nguvu ndipo wabebwe, walikufa karibu 16 katika kila 100. Kwa sababu ya jambo hili, Shirika la Afya Ulimwenguni lilishauri mwaka 2022 kwamba watoto hawa wabebwe hivi tangu mwanzo, saa 8 mpaka 24 kila siku.

Hufanywaje? Mtoto avuliwe nguo, abaki na nepi, kofia na soksi. Awekwe wima katikati ya maziwa ya mama, kifua juu ya kifua. Miguu ikunjwe kama ya chura. Kichwa kigeuzwe upande mmoja na kidevu kiinuliwe kidogo, ili pua na kinywa viwe wazi. Kisha kikwembe kifungwe imara kuzunguka wote wawili mpaka chini ya sikio la mtoto, na juu yake mama avae nguo yake. Anaweza kutembea na kuketi. Usiku alale ameegemea mito, si chali kabisa. Umeme ukikatika, kifua cha mama hakizimiki.

Baba naye ana kifua. Nkambo anacho. Mama akienda kuoga au kulala kidogo, mwingine amchukue mtoto. Baba asione haya. Joto lake ni joto vilevile.

Neno moja la hatari: msiingize mbabula ndani ili kumpasha mtoto moto. Moshi wa makala una sumu isiyoonekana. Watu wazima hulala wasiamke, sembuse mtoto wa kilo mbili. Na kuoga, angojee mpaka nesi aseme. Mpanguse kwa kitambaa chenye maji ya moto kidogo, sehemu kwa sehemu, ndani ya nyumba.

MAZIWA

Maziwa ya mama aliyezaa mapema si sawa na ya mama mwingine. Kwa majuma ya kwanza yana chakula kingi zaidi cha kujenga mwili, kana kwamba maziwa yanajua udogo wa mtoto. Maziwa ya kwanza kabisa, yale mazito ya manjano, yanamlinda na magonjwa. Msiyamwage.

Lakini mtoto aliyezaliwa kabla ya majuma 34 mara nyingi hawezi bado kunyonya, kumeza na kupumua kwa zamu. Atapewa maziwa kwa mpira mwembamba hospitalini, kisha kwa kikombe kidogo au kijiko. Mama akamue kwa mkono, mikono ikiwa imeoshwa kwa sabuni, kama mara 8 usiku na mchana. Asipokamua, maziwa yatakauka kabla mtoto hajajua kunyonya.

Tena mtoto huyu hulala sana. Hana nguvu ya kulia kwa njaa. Mama yule alisema, "Mtoto wangu ni mpole, halii usiku." Kumbe hakuwa mpole, alikuwa dhaifu. Mtoto mdogo huamshwa. Apewe maziwa kila baada ya saa mbili au tatu, hata usiku wa manane.

Na katika nyumba ile kulikuwa na chupa ya maji ya sukari, ili mama apumzike usiku. Maji ya sukari hujaza tumbo lakini hayajengi mwili. Hata uji mwepesi, hata maziwa ya unga yaliyoongezwa maji ili kopo lisiishe upesi, ni hivyo hivyo. Tena chupa na maji yasiyo safi huleta kuhara, na kuhara kwa siku mbili kunaweza kuondoa uzito wa majuma mawili.

Je, aongezeke kiasi gani? Siku za kwanza kila mtoto hupungua kidogo, msiogope. Mara nyingi baada ya majuma mawili amerudia uzito wake wa kuzaliwa. Toka hapo, kwa kila kilo aliyo nayo, aongeze kama gramu 15 kwa siku. Mtoto wa gramu 1,600 aongeze karibu gramu 24. Ni kidogo, jicho haliwezi kuona. Ndiyo maana twamwita kwenye kilo.

MAGONJWA

Kinga ambayo mama humpa mtoto kwa damu huingia zaidi katika miezi ya mwisho ya mimba. Aliyetoka mapema amekuja na kidogo. Kwa hiyo mafua ya mtu mzima yanaweza kuwa ugonjwa mkubwa wa mapafu kwake. Ndugu wa kanisa hupenda kwenda kumtazama mtoto mchanga, na ni jambo jema. Lakini mtoto asipitishwe mikononi mwa watu kumi. Mwenye kikohozi abaki nje. Wengine wanawe mikono kwa sabuni. Akina mama wa kanisa wakitaka kusaidia, wateke maji, wafue nepi, wapike bukari na sombe, ili mama apate nafasi ya kumbeba mtoto. Huo ndio msaada.

Mtoto alale na mama ndani ya chandarua. Asiwekwe mahali penye moshi wa makala au wa sigara. Na kwa sababu hakuweka akiba ya chuma, atapungukiwa damu baada ya majuma machache akikosa matone ya chuma. Nesi atasema kipimo na siku ya kuanza. Msinunue sokoni na kukisia.

KUMHESABIA SIKU ZAKE

Hapa mama wengi huumia moyo bure. Mtoto huyu ana hesabu mbili za umri. Ya kwanza ni toka siku aliyozaliwa. Ya pili ni toka siku aliyopaswa kuzaliwa. Tufanye mfano. Mtoto amezaliwa miezi miwili mapema. Leo ana miezi mitano kwa hesabu ya kwanza. Kwa hesabu ya pili ana miezi mitatu. Basi usimpime na mtoto wa jirani wa miezi mitano. Uliza kama anashika kichwa, kama anacheka, kama uzito wake ni wa mtoto wa miezi mitatu. Hesabu hii ya pili itumike mpaka atimize miaka miwili. Hata kumwanzishia uji kwa kawaida hungojea karibu miezi sita ya hesabu ya pili. Muulize nesi kwa mtoto wako.

Lakini chanjo hazifuati hesabu ya pili. Chanjo hufuata siku aliyozaliwa, hata kama ni mdogo. Mama asikae nyumbani akisema, "Nangojea kwanza anone." Magonjwa hayamngojei.

Watoto wengi wakitunzwa hivi huwafikia wenzao. Mara nyingi kichwa hutangulia, kisha uzito, kisha urefu. Wengine hubaki wadogo kidogo, nao ni wazima. Waliozaliwa mapema sana wachunguzwe pia macho na masikio, kwa sababu huweza kudhurika.

MAMA NA NYUMBA YAKE

Mama asiyekula na asiyelala atakamuaje maziwa? Ale bukari pamoja na maharagi, ndakala, karanga, lengalenga, matunda. Anywe maji mengi. Asile pemba, kwa maana inaweza kuzidisha upungufu wa damu. Watu wa nyumbani wasimwambie maneno ya kumvunja moyo. Wala asishike mimba nyingine upesi. Inafaa miaka miwili ipite kwanza, ili mwili wake upone na mtoto amalize kunyonya. Baba na mama waende pamoja kuuliza njia za kupanga uzazi.

Na mimba ijayo waitunze mapema. Mama aende kupimwa tangu miezi ya kwanza. Alale ndani ya chandarua, ameze dawa za kuzuia malaria anazopewa huko, apimwe damu, mkojo na presha, aache pombe na lutuku, asibebe magunia ya makala. Akiona maji yanatoka, au damu, au uchungu kabla ya wakati, aende hospitali saa ile ile. Iko sindano inayoweza kukomaza mapafu ya mtoto kabla hajazaliwa, lakini inafaa tu ikiwahi.

DALILI ZA HATARI

Mpelekeni mtoto upesi, hata usiku, mkiona moja ya haya: anakataa kunyonya, mwili wake ni baridi au una homa, anapumua mbio, anaguna, au pumzi inakatika, ngozi inakuwa ya buluu, macho na viganja ni vya manjano, tumbo limevimba au anatapika kijani, kitovu kina usaha, anatetemeka kwa degedege, amelegea, haamki. Njiani abebwe kifuani, ngozi kwa ngozi.

MWISHO WA HABARI YETU

Hatukumgombeza mama yule. Tulimwomba arudi kesho yake na nkambo na baba wa mtoto. Walikuja wote watatu. Nkambo alisikiliza, kisha akasema, "Mimi nilizaa kumi, lakini hakuna aliyekuwa mdogo hivi. Nionyeshe." Tukamfungia mtoto kifuani kwa kikwembe chake mwenyewe. Tangu siku hiyo nkambo alikuwa wa kwanza kumkataza mtu yeyote aliyetaka kumwosha uani. Baba alipewa zamu ya jioni. Chupa ya maji ya sukari ikaondolewa.

Baada ya majuma mawili walirudi kwenye kilo. Gramu 2,200. Mama aliketi kwenye benchi ya mbele, na uso wa mtoto ulikuwa wazi. Alitembea akiwa na miezi kumi na minne, na leo anakwenda shule.

Lakini nawaambia pia habari nyingine, kwa sababu ni kweli. Mwaka ule ule mama mwingine alizaa mapema, akaona haya, akamficha mtoto nyumbani mpaka anone. Walipomleta alikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Tulimweka kifuani, tulijaribu yote, na hatukumpata. Si kila mtoto mdogo anayeokoka hata akitunzwa vema, na hakuna mama wa kulaumiwa kwa kuzaa mapema. Lakini mtoto yule hatukupewa hata nafasi ya kumsaidia. Kwa hiyo, ndugu zangu, ukimwona mama anasimama nyuma na uso wa mtoto umefunikwa, usimcheke. Msogezee nafasi kwenye benchi.

MAULIZO YA KUJIBU NYUMBANI

1. Kwa nini blanketi tatu haziwezi kushinda kifua cha mama?
2. Mtoto asiyelia usiku ameshiba, au ni dhaifu? Tutajuaje?
3. Mtoto alizaliwa miezi miwili mapema, na sasa ana miezi saba. Kwa hesabu ya pili ana miezi mingapi?
4. Chanjo zake zifuate hesabu gani?
5. Nani katika nyumba yetu atachukua zamu ya kumbeba?